Thamostati Ikae Ukuta Gani?

Katika ramani nyingi za nyumba zinazochorwa Nairobi utaona mahali pa soketi, swichi, taa, televisheni na tangi la maji, lakini huoni mahali pa thamostati, kile kifaa kinachopima joto na kuwasha au kuzima mtambo chenyewe. Sababu yake inaeleweka: mji wetu hauna majira ya theluji, na mchoraji anajua kwamba mwenye nyumba ataivumilia baridi ya Juni hadi Agosti kwa sweta, blanketi na chai. Hata hivyo thamostati zimo majumbani mwetu tangu zamani, ila hatukuzichagulia mahali. Imo moja ndani ya friji, nyingine ndani ya pasi, nyingine katika tangi la maji moto lililo juu ya dari, na nyingine katika ile hita ya mafuta yenye magurudumu inayotolewa stoo ukifika mwezi wa sita. Hizo zote mtengenezaji alikwisha kuziamulia. Swali la mahali huja pale tu mtu anapotaka kupasha chumba kizima joto kwa hita zilizofungwa ukutani au kwa nyaya zilizolazwa chini ya vigae vya sakafu, kisha akikabidhi kifaa kidogo cha ukutani kazi ya kuwasha na kuzima.

Mimi nimekutana nalo mwaka huu katika nyumba ya mama yangu, upande wa Dagoretti. Ni nyumba ya mawe ya kuchongwa, yenye kuta za nje za inchi tisa, paa la mabati, dari nyepesi, madirisha ya chuma, na juu ya kila dirisha yale matundu ya hewa yasiyofungika ambayo wajenzi wa siku hizo hawakukosa kuyaacha. Mama ni mwalimu mstaafu, na magoti yake humsumbua kila ifikapo Juni. Kwa hiyo sisi watoto tulichanga tukamnunulia hita mbili, moja ya sebuleni na moja ya chumbani mwake. Pesa zilipatikana, hita zikaletwa, fundi wa umeme akaitwa, na kilichotuchelewesha kikawa ni kisanduku cheupe kinachoenea kiganjani.

Fundi alikuja na jawabu lake. Koridoni kulikuwa na paipu ya waya iliyoachwa na mjenzi wa kwanza, haina kitu ndani, na kwa fundi yeyote paipu tupu ni mwaliko. "Nikipitishia hapa, mama, nitakuwa nimemaliza kabla ya saa kumi, na sitawavunjia plasta," alisema. Dada yangu naye aliitaka kando ya mlango wa mbele, pamoja na swichi za taa, ili ukuta mmoja ubebe vifaa vyote na kuta nyingine zibaki safi. Mama aliwasikiliza wote wawili, kisha akauliza, "Kwani hicho kitu kitakuwa kinasikia baridi yangu au baridi ya koridoni?" Fundi alicheka, lakini aliiweka tindo chini.

Thamostati haijui hali ya nyumba. Inachojua ni joto la hewa inayoigusa na, kwa kiasi fulani, joto la ukuta inaouegemea. Za zamani zilikuwa na utepe wa metali mbili zilizogandamizwa pamoja. Kwa kuwa metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti, utepe ulijipinda ukipata joto na kuukata au kuuunga umeme. Za sasa zina thamista, kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika joto linapobadilika, na hesabu iliyobaki hufanywa na saketi. Kwa vyovyote vile, kifaa ni shahidi aliyesimama mahali pamoja, na hukumu ya kuwasha au kuzima hutolewa kwa ushahidi wake peke yake. Akisimamishwa penye jua, hita huzimika huku watu wakitetemeka. Akisimamishwa penye upepo, hita huwaka usiku kucha huku tokeni za umeme zikiyeyuka.

Mwaka 1883, Warren Johnson, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha ualimu cha Whitewater, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, alipata hataza ya thamostati ya umeme ya chumbani. Kero yake ilikuwa ya kawaida sana: mtunza jengo alilazimika kuingia darasa baada ya darasa kutazama kipimajoto, akikatiza masomo, kisha ashuke chini kurekebisha mitambo ya joto. Kifaa cha Johnson kilipima joto darasani kwenyewe na kumpelekea habari mtunza jengo kule chini kwa kengele. Ingekuwa rahisi zaidi kupima kule kule chini kwenye mitambo, lakini wanafunzi hawakukaa kule. Mpangilio huo ndio ninaoutetea katika nyumba ya mama, na nilifurahi kuona kwamba ulianzishwa na mwalimu mwenzake.

Miongozo ya kazi hii, ambayo mingi imeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, inakubaliana juu ya mambo ya msingi. Kifaa kikae ukuta wa ndani, mita moja na nusu hivi kutoka sakafuni, katika chumba kinachotumiwa zaidi, mbali na jua, dirisha, mlango wa nje, jiko, taa na televisheni. Sina ugomvi na maagizo hayo. Shida ni kwamba yanadhani nyumba imezibwa pande zote, kuta zake zimetiwa kitu cha kuzuia joto lisipotee, na jua la adhuhuri hukaa upande mmoja wa anga mwaka mzima. Nyumba ya Nairobi haina hata kimoja kati ya hivyo.

Tuanze na jua, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Nairobi iko nyuzi 1 na dakika 17 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, na upande wa kusini miezi iliyobaki. Hii ina maana kwamba ukuta wa nje unaotazama kusini haupati jua la adhuhuri hata kidogo katika msimu wote wa baridi. Ukiushika mwezi wa Julai utadhani umeshika jiwe la mtoni. Thamostati iliyofungwa juu yake, upande wa ndani, itasoma ubaridi wa jiwe pamoja na hewa, na hita haitapata nafasi ya kupumzika. Hita ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo hula uniti mbili kila saa, na mwenye kununua tokeni hahitaji kuelezwa zaidi.

Jua la adhuhuri lenyewe halina hatari kubwa ndani ya nyumba. Hata mwezi wa Juni, linapoinama zaidi kuelekea kaskazini, huwa limeachana na utosi kwa nyuzi 25 tu hivi, na mwale wake huishia sakafuni karibu na dirisha. La kuogopwa ni jua la asubuhi na la jioni. Kwetu huchomoza upande wa mashariki na kuchwa upande wa magharibi mwaka mzima, likihama nyuzi 23 hivi tu kaskazini au kusini, na linapokuwa chini hupenya dirishani na kupiga ukuta wa upande wa pili wa chumba. Sebule ya mama ina dirisha kubwa la magharibi. Wakati wa baridi mawingu hufunika mji tangu alfajiri, na mara nyingi hayapasuki hadi alasiri. Kisha jua hutokea kwa muda mfupi kabla ya kuchwa, likapaka mstari wa dhahabu ukutani, kimo cha kifua cha mtu mzima. Mstari huo ungeipata thamostati wakati ule ule ambapo mama anaanza kuhitaji hita. Ukuta mzuri kabisa, ulio katikati ya nyumba na hauna mlango wala dirisha, tuliukataa kwa sababu hiyo peke yake.

Kuta za nje za magharibi zina hila yake tofauti. Jiwe la inchi tisa hupokea joto la alasiri polepole na kulitoa ndani saa kadhaa baadaye, kwa hiyo saa tatu usiku upande wa ndani wa ukuta huo huweza kuwa na joto huku hewa ya chumba ikiwa imeshapoa. Shahidi aliyeegemea hapo atasema chumba kina joto. Ndiyo maana ninaona agizo la "ukuta wa ndani" lina uzito zaidi kwetu kuliko huko lilikoandikwa, kwa kuwa jiwe letu halina godoro la kuzuia joto upande wowote.

Hata ukuta wa ndani nao unapaswa kuulizwa una nini mgongoni. Ukuta kati ya sebule ya mama na jikoni ulionekana unafaa hadi tulipozunguka upande wa pili. Huko jiko la gesi limepakana nao, na sufuria ya githeri hukaa motoni saa nyingi. Futi chache kando ya jiko imesimama friji, ambayo hutoa joto lake kwa nyuma mchana na usiku. Televisheni na king'amuzi viliondoa kipande kingine cha ukuta upande wa sebuleni. Taa ya mezani ya mama, ile ya kusomea gazeti, iliondoa kingine.

Upepo ndio uliochukua muda wetu mwingi. Matundu ya juu ya madirisha hayafungiki, na wala sikubaliani na wanaoyaziba kwa magazeti na gundi wakitafuta joto. Nyumba zetu huletewa jiko la makaa ndani baridi ikizidi, na hewa ya sumu itokanayo na makaa haina harufu wala rangi. Matundu hayo yameokoa watu ambao hawakujua wanaokolewa. Yakibaki wazi, hewa baridi huingia juu ya dirisha, hushuka kandokando ya pazia kwa kuwa ni nzito, kisha husambaa sakafuni kuelekea mlangoni. Njia yake haionekani, lakini inapimika kwa senti chache. Chukua ukanda mwembamba wa karatasi ya choo, urefu wa kiganja, uushike kwa ncha za vidole mbele ya ukuta unaoufikiria, usubiri pumzi yako itulie, utazame. Kwenye kona ya mlango wa mbele, pale dada yangu alipopataka, ukanda ulilala upande kama bendera kila mlango wa jikoni ulipofunguliwa. Hakukuwa na haja ya mabishano tena. Dada mwenyewe ndiye aliyeushika.

Kinyume cha upepo nacho ni kibaya. Nyuma ya mlango unaokaa wazi, ndani ya shubaka la kabati, katika pembe ambapo kuta mbili zinakutana, au nyuma ya pazia, hewa husimama bila kutembea, na kifaa huchelewa kupata habari. Hita itakuwa imeshapasha chumba kupita kiasi kabla ya kifaa kujua. Ukanda wa karatasi ukining'inia bila kutikisika hata kidogo wakati watu wanapita, hapo pia hapafai.

Sasa nije kwenye paipu, jambo ambalo sikuliona limeandikwa vya kutosha kwa nyumba za mabati. Nyaya za nyumba zetu hupita katika paipu za plastiki za milimita 20 zilizofukiwa ndani ya plasta, nazo nyingi hupanda hadi juu ya dari na kufunguka huko. Nafasi kati ya dari na mabati huwa tanuri saa nane mchana jua likiwaka, na huwa jokofu alfajiri, kwa sababu bati halihifadhi kitu. Paipu iliyo wazi ncha zote mbili ni bomba la hewa. Usiku hewa baridi ya darini huteremka ndani yake kwa uzito wake na kutokea nyuma ya kisanduku cha ukutani, moja kwa moja kwenye mgongo wa thamostati. Nilimwomba fundi afungue kifuniko cha paipu ile ya koridoni, aweke kidole mdomoni mwake. Ilikuwa mapema asubuhi. Aliweka kidole, akakitoa, akakiweka tena. "Kumbe inapuliza," alisema. Kifaa ambacho kingefungwa juu ya mdomo ule kingekuwa kinapima hali ya hewa ya chini ya mabati, hata kama koridoni kwenyewe kungekuwa na joto la kutosha.

Dawa yake ni rahisi na fundi yeyote anayo kwenye mkoba. Baada ya waya kupita, mdomo wa paipu ndani ya kisanduku huzibwa kwa silikoni au kwa ule udongo laini wa kuzibia, na ncha ya juu ya dari huzibwa vilevile. Kisanduku kikiwa kimechimbwa ndani ya jiwe, ni vyema kutia kipande chembamba cha povu kati ya mgongo wa kifaa na jiwe, mradi kisiguse nyaya zilizo uchi. Mafundi wengi hawafanyi hivi kwa sababu hakuna anayewaomba. Kwa swichi ya taa haina maana yoyote kama hewa inapuliza nyuma yake.

Kabla ya kuchimba ukuta tuliweka vipimajoto. Vile vidogo vya kidijitali vinavyouzwa barabara ya Luthuli, katikati ya mji, si ghali, lakini visiaminiwe ovyo: viweke kwanza vyote pamoja juu ya meza moja usiku kucha, uone vinatofautiana kwa kiasi gani, uandike tofauti hiyo kwenye kila kimoja kwa kalamu ya wino. Kisha vigawe. Sisi tulikibandika kimoja koridoni, kimoja mlangoni, kimoja ukutani mkabala na dirisha la magharibi, kimoja kwenye ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia, na kimoja tulikiweka kwenye mkono wa kiti cha mama, ambacho ndicho tulichokiita kweli. Kazi ya hivyo vingine ilikuwa kulinganishwa na hicho cha kitini. Saa za kuvisoma ni alfajiri kabla ya mtu kuwasha jiko, saa tisa alasiri, jua linapokaribia kuchwa, na kabla ya kulala. Mahali pazuri si pale panapoonyesha joto zaidi au baridi zaidi. Ni pale panapopanda na kushuka pamoja na kiti, hata kama tofauti ipo, kwa sababu tofauti isiyobadilika inarekebishika na ile inayobadilika hairekebishiki. Koridoni palikuwa shwari mno, pakibaki vilevile huku sebule ikipoa. Mkabala na dirisha paliruka jioni. Kati ya sebule na chumba cha kulia pakaandamana na kiti saa zote.

Hapo ndipo suala la kimo lilipoingia. Mita moja na nusu ni kimo cha mtu aliyesimama, na mama hasimami sebuleni. Wapimaji wa hali ya hewa ya vyumba, wanaofuata viwango vya kimataifa, hupima kwa mtu aliyeketi katika sentimita 10, 60 na 110 kutoka sakafuni, yaani kifundo cha mguu, kiuno na kichwa, na huona kasoro ikiwa tofauti ya joto kati ya kichwa na kifundo inazidi nyuzi 3 za Selsiasi. Katika chumba chenye matundu juu na sakafu ya saruji chini, tofauti hiyo hupatikana bila taabu: uso una joto na miguu imekufa ganzi. Tuliifunga thamostati mita 1.2 kutoka sakafuni. Pale inasoma hewa iliyo karibu na kichwa cha mtu aliyekaa, mama anaweza kuusoma uso wa kifaa bila kunyanyua kidevu, na bado iko juu ya mgongo wa sofa. Nyumba yenye watoto wadogo wanaopenda vitufe ingehitaji mapatano mengine, ingawa nyingi za kisasa zina namna ya kufunga vitufe visibonyezeke.

Hita yenyewe tuliifunga chini ya dirisha, ili hewa moto inayopanda ikutane na ile baridi inayoshuka kutoka kwenye tundu. Thamostati isiwe juu ya hita wala jirani yake, maana itashiba joto upesi na kuzima kabla chumba hakijapata kitu, kisha iwashe tena baada ya muda mfupi, hivyo hivyo usiku mzima. Isifichwe pia chumba kingine ambako joto la hita halifiki. Koridoni pangekuwa na kosa hili la pili hata kama paipu yake isingepuliza.

Kwa wenye nyumba za Karen na Muthaiga zilizojengwa na sehemu ya kuwashia kuni sebuleni, tahadhari ni moja tu: thamostati iliyo chumba kimoja na moto wa kuni itazima hita za vyumba vyote inazotawala mara magogo yakishika, na waliolala vyumba vya nyuma hawatajua kwa nini wamepoa. Na wenye viyoyozi, ambao wanaongezeka katika maghorofa ya Kilimani na Westlands, wajue kwamba kipimo cha kifaa hicho kwa kawaida kiko ndani ya kisanduku chenyewe karibu na dari, mahali penye joto kuliko walipoketi. Baadhi ya aina zina kitufe kwenye rimoti kinachohamishia upimaji kwenye rimoti. Ukikitumia, rimoti ndiyo inakuwa thamostati, na kuisahau dirishani au chini ya mto wa sofa ni sawa na kuihamisha thamostati.

Nyaya za chini ya sakafu zina mahali pawili pa kuchagua badala ya mahali pamoja tu. Mbali na kisanduku cha ukutani, kuna kijipimio kinachozikwa sakafuni ndani ya paipu nyembamba, kati ya nyaya mbili, kwa umbali ulio sawa na kila moja. Paipu hiyo ni ya lazima, kwani kijipimio kikiharibika huvutwa na kubadilishwa; kikizikwa kwenye saruji bila paipu, itabidi vigae vivunjwe. Kisilazwe mahali patakapotandikwa zulia zito, wala pale jua la jioni linapoangukia, wala karibu na bomba la maji moto.

Nyumba ya mama imeishia na thamostati mbili, ingawa fundi alitegemea kufunga moja. Sababu ya kwanza ni ya hesabu. Hita mbili za wati 2,000 kwa volti 240 huvuta zaidi ya ampea 16, na kifaa tulichonunua kimeandikwa ampea 16 mwisho. Kuzibebesha zote mbili juu yake kungehitaji swichi kubwa ya sumaku kwenye ubao wa umeme. Sababu ya pili ni kwamba chumba cha kulala na sebule havina saa moja ya baridi. Sebule hupoa magharibi inapoingia na kuachwa tupu baada ya taarifa ya habari. Chumba cha kulala hupoa zaidi karibu na alfajiri, na tofauti hiyo inazidi katika vitongoji vya juu. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti kipo takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, huko Embakasi, uko mita 1,620 hivi, na mwinuko huo peke yake unatosha kuleta tofauti ya nyuzi moja ndani ya mji mmoja. Anayejenga mtaa wa Utawala, upande wa chini karibu na Embakasi, asinakili mipango ya anayejenga Kikuyu, upande wa juu.

Chumbani mwa mama uchaguzi ulikuwa mwepesi, kwa sababu kuta zenyewe zilijitoa. Ukuta wa kichwani mwa kitanda unatazama kusini na ni wa nje. Wa pili una kabati lote. Wa tatu una dirisha. Ulibaki ukuta wa mlango, upande ambao mlango hauegemei unapofunguliwa, na kimo tulikipunguza kidogo ili mama aifikie thamostati akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Tuliiweka nyuzi 18, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limependekeza kuwa cha chini ndani ya nyumba wakati wa baridi. Mama alisema ni kidogo, akaipandisha hadi 20, nasi hatukubishana naye kwa kuwa kiti, kitanda na magoti ni vyake.

Iliyobaki ilikuwa ni kurekebisha. Thamostati nyingi za kidijitali zina kipengele katika mipangilio kinachokuruhusu kuongeza au kupunguza nyuzi katika usomaji wake, nacho kitumiwe tu baada ya kifaa kukaa ukutani siku nzima na ukuta wake kutulia. Ya sebuleni ilisoma chini kidogo kuliko kipimajoto cha kitini, kwa kiasi kile kile asubuhi na jioni, tukaisahihisha. Fundi alimwonyesha mama kitufe, akamweleza kwamba sofa lisisogezwe mbele ya kifaa, na kwamba ile taa ya kusomea ikihamishwa ikae upande wa pili wa kiti. Kisha akachukua penseli, akachora upande wa ndani wa kifuniko cha ubao wa umeme njia mpya ambazo nyaya zimepita ukutani, kwa vipimo kutoka sakafuni na kutoka kwenye fremu ya mlango, kwa sababu ukuta usio na kitu sebuleni haukai muda mrefu kabla ya mtu kuujia na nyundo na picha ya harusi.